Mparachichi ukianza kunyauka: namna ya kuutunza na namna ya kuomba ushauri

Swali ninalolisikia mara nyingi kuliko yote kutoka kwa wakulima wenzangu wa parachichi hapa Njombe huwa fupi: "Majani yamekuwa ya njano, nipulize dawa gani?" Anayeuliza huwa na wasiwasi wa kweli, kwa kuwa mche uliobebeshwa, yaani ulioungwa kikonyo cha mti bora juu ya shina la mti mwingine, ameununua kwa fedha yake, ameumwagilia kwa ndoo kiangazi kizima, na sasa unadhoofika mbele ya macho yake. Hata hivyo swali hilo, likiulizwa hivyo tu, halijibiki. Majani ya mparachichi hubadilika rangi kwa njaa, kwa maji mengi, kwa maji machache, kwa baridi, kwa kuoza mizizi na kwa uzee wa kawaida wa jani, na mtu anayetaja jina la dawa kabla hajauliza lolote anabahatisha. Nitaeleza hapa namna ya kuupanda na kuutunza mparachichi, lakini nitakaa zaidi kwenye namna ya kuutazama, kwa sababu ushauri wa maana humfikia mkulima aliyekwisha kuona kilichopo chini ya mti wake kabla ya kwenda kwa mtaalamu.

Mizizi kwanza

Asili ya mparachichi ni misitu ya Meksiko na Amerika ya Kati, ambako mizizi yake hutambaa chini ya tandiko nene la majani yaliyooza. Tabia hiyo haujaiacha hata ulipoletwa kwetu. Mizizi midogo inayonyonya maji na chakula hukaa karibu kabisa na uso wa ardhi, mingi ikiwa ndani ya sentimita 30 za juu, nayo haina vinyweleo vingi kama ile ya mimea mingine. Kwa hiyo mti huu unahitaji hewa nyingi udongoni, hauvumilii maji yaliyotuama, na hauvumilii jembe linalopita chini ya kivuli chake.

Ugonjwa unaosumbua mashamba ya parachichi duniani kote ni kuoza kwa mizizi, unaoletwa na kimelea kiitwacho Phytophthora cinnamomi. Kilielezwa kitaalamu mwaka 1922 kutokana na miti ya mdalasini kisiwani Sumatra. Kinafanana na ukungu kwa sura, lakini vijimbegu vyake vina mikia na huogelea ndani ya maji yaliyojaa kwenye vitundu vya udongo hadi vikute ncha laini ya mzizi. Udongo ukipitisha maji haraka, safari hiyo inakuwa fupi na ngumu. Maji yakisimama siku mbili tatu, kimelea kimepata bahari yake. Ugonjwa huu hauheshimu hata ukoo bora: mti mama wa aina ya Hass, ambao tarishi Rudolph Hass aliukuza La Habra Heights, California, na kuupatia hataza mwaka 1935, ulikufa kwa kuoza mizizi mwaka 2002. Miti yote ya Hass iliyopo Njombe, Rungwe, Murang'a na kwingineko duniani imetokana na vikonyo vya ukoo wa mti huo mmoja.

Kabla ya kununua mche, basi, lijue shamba lako linavyomeza maji. Chimba shimo la kina cha sentimita 60, lijaze maji, yaache yazame yote, kisha lijaze tena na urudi kesho yake asubuhi. Ukikuta shimo ni kavu, panda bila hofu. Ukikuta maji bado yamo, mahali hapo hapafai kwa kupanda moja kwa moja. Au utafute sehemu yenye mteremko, au upande juu ya tuta la duara lenye kimo cha nusu mita na upana wa mita moja na nusu, na uchimbe mtaro wa kukinga maji upande wa juu wa shamba. Kazi ya kuinua tuta inachosha, lakini hufanywa mara moja, wakati mizizi iliyooza hairudishwi na kazi yoyote. Uchachu wa udongo nao una umuhimu: mparachichi hustawi zaidi penye pH, yaani kipimo cha uchachu huo, ya kati ya 5.5 na 6.5, na njia ya kulijua hilo ni kupima, si kutazama rangi ya udongo.

Mche na upandaji

Mche uliooteshwa kwa kokwa na kuachwa hivyo utazaa, lakini utachelewa miaka mingi na matunda yake hayatafanana na ya mama yake. Mche uliobebeshwa huanza kuzaa mwaka wa tatu hivi. Ukiwa kitaluni, usivutwe na urefu. Shika shina kwa vidole viwili palipoungwa na uangalie kama pameshikana pande zote bila kovu lililo wazi. Tazama kama kiriba kina matundu ya kutosha chini. Omba mche mmoja ufunguliwe kiriba chake, nawe uulipie kama ni lazima, uone kama mizizi ni myeupe na imenyooka au imejiviringisha chini kama kamba. Muulize mwenye kitalu kikonyo kilitoka mti gani, udongo wake ulitoka wapi, na kama kitalu kinatambuliwa na TOSCI, Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu Tanzania. Kwa ndugu zetu wa Kenya, wa kumuuliza ni KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea. Mwenye kitalu mzuri hakasirishwi na maswali haya. Kumbuka kwamba mche ulioambukizwa huleta ugonjwa shambani ukiwa bado kijani na wa kupendeza.

Ua la mparachichi hufunguka mara mbili: kwanza likiwa jike, kisha hujifunga na kufunguka tena siku ya pili likiwa dume. Hass hufungua maua ya kike asubuhi na ya kiume mchana wa siku inayofuata, wakati aina ya Fuerte huenda kinyume chake, na ndiyo sababu wakulima wengi huchanganya miti michache ya Fuerte ndani ya shamba la Hass na kuweka mizinga ya nyuki karibu. Mwenye mti mmoja nyumbani asivunjike moyo, maana mti ulio peke yake nao huzaa, ila huzaa vizuri zaidi ukiwa na mwenzake.

Chimba mashimo ya sentimita 60 kwa 60 kwa 60 mwezi mmoja au zaidi kabla ya mvua, ukitenganisha udongo wa juu na wa chini. Nafasi ya mita 7 kwa 7 huingiza miti 82 hivi katika ekari moja. Changanya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyoiva kabisa, ile isiyo na joto wala harufu kali ukiifukua, urudishe shimoni, uache ushuke. Siku ya kupanda, chana kiriba chote na ukitoe. Usiseme kitaoza chenyewe. Panda mche katika kimo kilekile ulichokuwa nacho kiribani au juu yake kidogo, palipoungwa pakiwa juu ya ardhi kiasi cha kiganja kizima. Kosa la kupanda chini mno ni la kimya: mche huonekana umesimama imara, kumbe gamba la shina linalowa kila mvua inaponyesha na linaanza kuoza taratibu.

Matunzo ya mwaka hadi mwaka

Ningeambiwa nichague kazi moja tu ya kumfundisha mkulima mpya, ningechagua matandazo. Sambaza majani makavu, mabua ya mahindi au nyasi zisizo na mbegu chini ya kivuli chote cha mti, unene wa sentimita 10 hadi 15, ukiacha wazi nafasi ya kiganja na nusu kuzunguka shina ili gamba likauke. Chini ya matandazo udongo hubaki na unyevu, joto lake halipandi ghafla, magugu hukosa mwanga, na viumbe wadogo wanaoozesha majani huongezeka, baadhi yao wakiwa maadui wa kile kimelea cha mizizi. Baada ya msimu mmoja, funua matandazo kwa mkono: utaona vijizizi vyeupe kama nyuzi vimepanda hadi ndani ya majani yaliyooza. Hiyo ndiyo mizizi inayolisha mti, na ndiyo inayokatwa na jembe la palizi. Magugu yaliyo chini ya mti yang'olewe kwa mkono au yafyekwe, yasilimwe.

Maji yatolewe kwa kupima udongo, si kwa kalenda. Ingiza kidole au kijiti hadi kina cha sentimita 15. Udongo ukifinyangika na kushikana, subiri. Ukimomonyoka kama unga, mwagilia, tena mwagilia pale yanapoishia matawi na si kwenye shina. Mbolea igawanywe kidogo kidogo mara kadhaa katika msimu wa mvua, isimwagwe yote siku moja, na kiasi chake kifuate majibu ya kupima udongo pamoja na umri wa mti. Mti mgonjwa wa mizizi usiulishe mbolea ya chumvichumvi kwa nguvu. Utaunguza vijizizi vichache vilivyosalia.

Kupogoa kusikuchukulie muda mwingi. Ondoa kila chipukizi linalotoka chini ya palipoungwa, kwa kuwa hilo ni la mti wa chini na litaunyang'anya chakula mti unaoutaka. Ondoa matawi makavu na yanayogusa ardhi. Punguza kimo ili uweze kuvuna ukiwa umesimama au kwa ngazi fupi. Shina lililobaki wazi juani lipakwe chokaa.

Sisi wa nyanda za juu tuna jambo jingine ambalo vitabu vya nchi za joto hulipita: sakitu, yaani umande unaoganda alfajiri za Juni na Julai. Hewa baridi hutiririka kama maji na kujikusanya mabondeni, kwa hiyo mche uliopandwa bondeni huungua wakati wa jirani ulio mita chache juu unapona. Miche ya mwaka wa kwanza na wa pili ijengewe kibanda kidogo cha nyasi kilicho wazi upande wa mashariki. Majani yakiungua, usikimbilie kukata. Subiri mti uchipue ndipo uone kilichokufa ni kipi.

Kuhusu kuvuna, nitasema moja. Parachichi haliivi mtini, huiva baada ya kuchumwa, na tunda lililochumwa changa husinyaa bila kulainika. Chuma mawili, yapasue moja: ganda la kokwa likiwa jembamba, kavu na la kahawia, tunda limekomaa, likiwa nene, jeupe na lenye maji, bado. La pili liweke ndani kwa siku 7 hadi 10 uone kama linalainika bila mikunjo. Soko la nje huongeza kipimo cha maabara cha kiasi cha ukavu wa nyama ya tunda, lakini kokwa hukupa jibu la kwanza ukiwa bado shambani.

Kuutazama mti kabla ya kuuliza

Mti ukianza kudhoofika, anza kwa kuangalia ni majani gani yameguswa. Njano ikianzia kwenye majani ya zamani ya chini huku machipukizi yakiwa kijani, mara nyingi mti una njaa ya naitrojeni. Majani machanga yakiwa ya njano huku mishipa yake ikibaki kijani, mti unakosa madini kama chuma au zinki, ama kwa kuwa hayamo, ama kwa kuwa mizizi iliyolowa haiwezi kuyanyonya. Ncha za majani zikiungua na kuwa za kahawia, fikiria chumvi na mbolea iliyozidi. Majani yakiwa madogo, yamepauka na kuning'inia, matawi ya juu yakikauka na anga likaonekana kupitia kichwa cha mti, huku mti huohuo ukibeba matunda mengi madogo, hapo usiendelee kutazama juu. Piga magoti.

Jambo hili nilifundishwa shambani kwangu. Katika mwaka wa tatu, miti kumi na mmoja ya safu ya chini ilianza kunyauka katikati ya masika, ardhi ikiwa imelowa. Nilikwenda duka la pembejeo nikaeleza kwamba majani ni ya njano, nikauziwa mbolea ya kupuliza majani. Haikusaidia, nikarudi, nikauziwa dawa ya ukungu ya kupuliza majani. Mwezi na nusu ulipita. Hatimaye nilimwendea bibi shamba wa kata, naye hakutaka nimweleze mengi ofisini, akasema twende tukaone.

Alipofika hakutazama majani. Alipiga magoti pale kivuli cha mti kinapoishia, akafukua udongo kwa vidole, akatoa mzizi mmoja mwembamba na kuuweka kwenye kiganja changu. Ulikuwa mweusi, na nilipoukunja ulikatika bila kelele, gamba lake likavuka na kubaki uzi mwembamba katikati. Akaenda kwenye mti wenye afya wa safu ya juu, akatoa mwingine: mweupe wa rangi ya maziwa, ulikatika kwa mlio. "Baba," aliniambia, "mti huu una kiu, na maji umesimama ndani yake. Hauna cha kunywea." Kisha akaonyesha shina, ambapo mimi mwenyewe, kwa palizi ya jembe ya misimu mitatu, nilikuwa nimerundika udongo hadi ukafunika palipoungwa.

Tulichimba mtaro upande wa juu, tukaondoa udongo uliorundikwa, tukatandaza mabua, tukachuma matunda yote ili mti usibebe mzigo, na tukapunguza matawi yalingane na mizizi iliyosalia. Miti minne ilikufa. Saba ilirudi, japo ilichukua misimu miwili. Zipo pia dawa za jamii ya fosfonati zinazotumika dhidi ya ugonjwa huu, nyingine hudungwa shinani, na lipo shina la chini liitwalo Dusa, la Afrika Kusini, linalostahimili kimelea. Lakini hayo yote ni ya kufanya kwa maelekezo ya mtaalamu aliyeona shamba, na dawa iwe iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania.

Kuuliza ili ujibiwe

Kabla ya kwenda, andika kwenye daftari: aina ya mti, umri, kitalu ulikotoka, tarehe dalili zilipoanza, hali ya mvua katika wiki zilizotangulia, na kila ulichoweka, kiasi chake na siku yake, hata kile unachoona aibu kukitaja. Mtaalamu asiyejua kwamba uliweka urea wiki mbili zilizopita atakupa ushauri wa mti mwingine. Chora ramani ya shamba, uweke alama kwenye miti inayoumwa. Ikiwa imefuatana kwenye bonde, swali ni la maji. Ikiwa imetawanyika huku na huku na yote ilitoka kitalu kimoja, swali ni la miche. Ikiwa iko kando ya njia au mpaka, muulize jirani alipuliza nini.

Ukituma picha kwa simu, moja isitoshe. Piga mti mzima pamoja na jirani yake mwenye afya, tawi moja, jani pande zote mbili, shina pale linapoingia ardhini, na mizizi uliyoifukua ikiwa juu ya karatasi nyeupe. Piga asubuhi au chini ya kivuli, maana jua la saa sita hubadilisha rangi, na rangi ndiyo unayoiulizia. Ukipeleka sampuli za majani, zifunge kwenye gazeti badala ya mfuko wa plastiki, zisiungue kwa mvuke wake, na upeleke za mti mgonjwa na za mti wenye afya kila moja na jina lake. Mizizi na udongo unaoumwa vifungwe vizuri visimwagike njiani, na ukitoka safu hiyo osha jembe na viatu kabla ya kuingia nyingine.

Udongo wa kupima uchukuliwe sehemu 10 hadi 15 kwa kutembea mshazari shambani, kina cha hadi sentimita 30, uchanganywe kwenye ndoo safi isiyowahi kubeba mbolea, kisha uanikwe kivulini na kupimwa nusu kilo hadi kilo moja ya kupeleka. Anza na afisa ugani wa kata yako. Akishindwa, atakuelekeza kwenye vituo vya TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo Tanzania, kama Uyole kule Mbeya, au Mlingano kule Tanga wanaoshughulika na udongo, au Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro. Walioko Kenya wana KALRO, shirika lao la utafiti wa kilimo na mifugo.

Anayekushauri, muulize kwa heshima: umejuaje kuwa ni hili, na si lile? Muulize pia nitarajie kuona nini, na baada ya muda gani. Mwenye duka anayeuza dawa anaweza kuwa na ujuzi mzuri, lakini ushauri wake na biashara yake vimekaa meza moja, kwa hiyo mpelekee daftari na mizizi uliyofukua, si neno "njano" pekee. Ushauri wowote mpya ujaribu kwanza kwenye miti miwili au mitatu, uache mingine miwili inayofanana nayo bila kuigusa, uiandike yote, na baada ya miezi mitatu ufukue tena mahali palepale. Ukiona vijizizi vyeupe, mpigie simu aliyekushauri umweleze. Usipoviona, mpigie vilevile, umwambie ni lini ulifukua na uliona nini.